MSHAHARA WA MUSAWO: UNATOKA WAPI, NA SISI WAKAAZI TUNAHUSIKAJE?



Umeamka saa kumi na moja alfajiri, umembeba mtoto mwenye homa, umetembea mpaka kituo cha afya. Saa tatu zinafika, dirisha la dawa bado limefungwa. Kwenye foleni mmoja anasema, "Hawa wanakula mshahara wa bure." Mwingine anajibu, "Mshahara gani? Nasikia miezi miwili hawajalipwa." Wa tatu anasema, "Hao si wa serikali, ni wa shirika. Shirika limeishiwa pesa."

Huenda wote watatu wanasema kweli kwa sehemu. Lakini hakuna anayejua aende kumuuliza nani. Ndiyo sababu tumeandaa somo hili.

Baada ya kulisoma utaweza:
- kutambua wafanyakazi wa kituo chako wanalipwa na nani;
- kueleza jinsi mshahara unavyotoka Kampala mpaka kumfikia muuguzi;
- kutofautisha malipo halali na yasiyo halali;
- kujua lalamiko lako, au la mfanyakazi, lipelekwe wapi.

1. KITUO KIMOJA, MIFUKO MINNE

Ukiingia kituo cha afya katika makazi ya wakimbizi, iwe Nakivale, Kyaka II, Rwamwanja au Kyangwali, watu wote wanaovaa koti jeupe wanaonekana sawa. Lakini mara nyingi hawalipwi kutoka mfuko mmoja.

Wa kwanza ni mfanyakazi wa serikali. Ameajiriwa rasmi, jina lake limo katika orodha ya mishahara ya wilaya, na atafanya kazi hadi umri wa kustaafu, yaani miaka 60.

Wa pili ni mfanyakazi wa shirika. Ana mkataba wa muda, pengine wa mwaka mmoja. Mkataba hutegemea fedha za wafadhili. Fedha zikikatwa, kazi yake nayo inakatika, hata kama wagonjwa ni wengi kuliko jana.

Wa tatu ni mkimbizi mwenzetu anayefanya kazi kama mkalimani, msafishaji, mlinzi au msaidizi, akipewa posho ya kila mwezi. Wengine kati yao walikuwa wauguzi na madaktari huko walikotoka.

Wa nne ni mhudumu wa afya wa kijiji, yule tunayemwita VHT. Mpango wa VHT ulianza Uganda mwaka 2001. Huyu ni wa kujitolea. Hana mshahara. Akipata posho ni ya siku ya mafunzo au ya kampeni ya chanjo.

Kwa nini ni muhimu kujua? Kwa sababu asiyejua mfuko hugonga mlango usio wake. Mshahara wa mtu wa serikali ukichelewa, kumlaumu meneja wa shirika hakusaidii. Na mkataba wa mtu wa shirika ukiisha, ofisi ya wilaya haikumfukuza.

2. SAFARI YA MSHAHARA KUTOKA KAMPALA

Tumfuate muuguzi mmoja wa serikali katika kituo cha ngazi ya III.

Nafasi yake iliwekwa kwanza kwenye karatasi. Kwa miaka mingi kanuni za serikali zilipanga wafanyakazi 9 kwa kituo cha ngazi ya II na 19 kwa kituo cha ngazi ya III. Nafasi kuwepo kwenye karatasi si sawa na mtu kuwepo. Nafasi hubaki wazi mpaka wilaya ipate fedha za mshahara na kibali cha kuajiri.

Aliyemwajiri ni Tume ya Utumishi ya Wilaya. Wafanyakazi wa hospitali kubwa za rufaa, kama Mulago na Butabika, wao huteuliwa kupitia Tume ya Utumishi wa Afya iliyoko Kampala. Tume hii imetajwa katika Katiba ya mwaka 1995.

Viwango vya mshahara hupangwa na Wizara ya Utumishi wa Umma. Wizara ya Fedha hutoa pesa. Kule wilayani, mtu anayewajibika kwa fedha ni Ofisa Mtendaji Mkuu, anayejulikana kama CAO. Tangu mwaka wa fedha 2014/15 jukumu la kulipa mishahara lilishushwa kutoka wizarani hadi kwa maofisa kama huyu. Kwa hiyo mshahara ukikosewa, mlango wa kwanza ni wilayani, si Kampala.

Kwa wenzetu wanaoishi jijini Kampala mambo ni tofauti kidogo. Vituo vya umma kama Kisenyi, Kiswa, Kisugu, Kitebi, Kawaala na Komamboga viko chini ya Mamlaka ya Jiji la Kampala, KCCA. Huko anayewajibika kwa fedha ni Mkurugenzi Mtendaji wa KCCA.

Pesa huingia moja kwa moja katika akaunti ya benki ya mfanyakazi. Agizo la serikali ni kwamba mshahara ulipwe kabla ya tarehe 28 kupita. Hakuna mkuu wa kituo anayegawa mishahara ya serikali kwa mkono. Akitokea mtu anayesema "mshahara wa wauguzi uko kwangu", jua kuna jambo si sawa.

3. NI KIASI GANI?

Watumishi wa serikali ya Uganda wamepangwa kwa ngazi, kuanzia U8 chini mpaka U1 juu. Mlinzi na msafishaji wako U8. Muuguzi wa cheti yuko U7. Muuguzi wa stashahada na tabibu wako U5. Daktari anayeanza kazi yuko U4.

Viwango havikupanda vyenyewe. Vilipiganiwa, na vita hiyo ilifanyika hasa Kampala.

Mwaka 2012 wabunge walikwamisha bajeti wakidai fedha za kuajiri wafanyakazi wa afya, kwa sababu akina mama walikuwa wakifa katika vituo visivyo na mkunga. Serikali ilikubali kuajiri maelfu ya wafanyakazi wa vituo vya ngazi ya III na IV. Mshahara wa daktari wa kituo cha ngazi ya IV ukapandishwa hadi shilingi 2,500,000 kwa mwezi.

Novemba 2017 madaktari waligoma. Wagonjwa waliteseka. Baada ya mgomo huo viwango vilipandishwa tena katika bajeti iliyofuata. Kuanzia Julai 2022, serikali ilipoongeza mishahara ya wanasayansi, daktari wa kawaida alifikia shilingi 5,000,000 kwa mwezi kabla ya makato.

Lakini nyongeza hiyo haikumfikia kila mtu. Msafishaji anayefuta damu katika chumba cha kujifungulia hahesabiwi kuwa mwanasayansi. Vilevile mlinzi na karani. Ukiona mtu wa kazi hizo ana uchungu kazini, fahamu kwamba anaona mwenzake wa chumba cha pili akipata mara nyingi zaidi yake.

Zingatia pia makato. Kila anayepata zaidi ya shilingi 235,000 kwa mwezi hukatwa kodi. Wengi wamekopa benki, na benki hukata kabla mtu hajashika pesa. Mshahara ulioandikwa na mshahara unaofika nyumbani ni vitu viwili.

4. KWA NINI MSHAHARA HUKWAMA?

Sababu za kawaida ni hizi:
- Mfanyakazi mpya bado hajaingizwa katika mfumo wa mishahara.
- Amehamishwa wilaya na jina lake halijahamishwa.
- Jina au namba ya kitambulisho cha taifa haifanani katika karatasi zake.
- Jina limeondolewa wakati wa uhakiki.

Uhakiki wenyewe ulikuwa na sababu. Uganda imesumbuliwa miaka mingi na "wafanyakazi hewa", yaani majina yanayolipwa bila mtu kufanya kazi. Mwaka 2023 Mkaguzi Mkuu wa Serikali alifanya uhakiki maalum nchi nzima, wafanyakazi wakitakiwa kujitokeza wenyewe na vyeti vyao. Kumbuka jambo hili: kila jina hewa ni muuguzi mmoja ambaye kituo hakikumpata, ilhali pesa yake imetoka.

Kwa upande wa mashirika, sababu kubwa ni wafadhili. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Mwezi uliofuata Wizara ya Afya ya Uganda iliagiza huduma za UKIMWI na kifua kikuu zilizokuwa na kliniki zake ziunganishwe na huduma za kawaida. Wafanyakazi wengi wa mikataba walirudi nyumbani. Waliobaki wanaona wagonjwa wa kwao na wa wale walioondoka.

Hatari hii ilijulikana mapema. Mpango wa sekta ya afya kwa wakimbizi na jamii zinazowapokea, wa mwaka 2019 hadi 2024, ulikusudia kuviingiza vituo vya makazi katika mfumo wa serikali hatua kwa hatua, pamoja na wafanyakazi wake. Wahenga walisema "mgeni njoo, mwenyeji apone". Katika vituo vya makazi methali hii imetimia, maana wenyeji nao hutibiwa humo. Kituo kikiingia mikononi mwa serikali hakifungwi kwa sababu mkataba wa mfadhili umeisha. Lakini kuingia huko kunahitaji nafasi, bajeti na kibali, na hayo hayaji kwa siku moja.

5. MLANGO ULIOFUNGWA

Tuseme ukweli: si kila asiyekuwepo kazini amekosa mshahara.

Mwaka 2002 na 2003 watafiti walitembelea vituo vya afya katika nchi kadhaa bila kutoa taarifa. Uganda, kati ya kila wafanyakazi 100 waliotakiwa kuwa kazini, 37 hawakukutwa. Wengine walikuwa likizo au mafunzoni, wengine walikwenda wilayani kufuata karatasi, na wengine walikuwa kwenye kliniki au maduka yao ya dawa.

Kumsimamia mfanyakazi ni kazi ya watu maalum:
- Mkuu wa kituo hupanga zamu, hutunza daftari la mahudhurio na huwapima wafanyakazi wake kila mwaka.
- Ofisa wa Afya wa Wilaya humsimamia mkuu wa kituo.
- Kamati ya Usimamizi wa Kituo, inayoitwa HUMC, huwakilisha wananchi. Inatakiwa kukutana kila miezi mitatu, kuangalia fedha za uendeshaji na dawa zilizopokelewa, na kusikiliza malalamiko.
- Mabaraza ya taaluma yaliyoko Kampala, kama lile la wauguzi na wakunga na lile la madaktari, husajili na yanaweza kumwadhibu mwenye kosa la kitaaluma.

Kamati haina mamlaka ya kumfukuza mtu wala kugusa mshahara wake. Kazi yake ni kuuliza na kuandika. Msidharau kazi hiyo. Swali lililoandikwa katika kumbukumbu za kikao, likapelekwa wilayani kwa barua, ni vigumu kulipuuza kuliko kelele za kwenye foleni.

6. JAMBO LILILOJARIBIWA UGANDA

Mwaka 2004 na 2005 jaribio lilifanyika katika vituo 50 vya afya kwenye wilaya 9 za Uganda. Katika nusu ya vituo hivyo wananchi walionyeshwa hali halisi ya kituo chao: watu wanasubiri saa ngapi, wafanyakazi wangapi hawapo, dawa zinakwisha lini. Wananchi walikutana peke yao. Wafanyakazi walikutana peke yao. Kisha pande mbili zikakaa pamoja na kuandika mambo ambayo kila upande utatenda.

Mishahara haikuongezwa. Hata hivyo, baada ya mwaka mmoja wafanyakazi walikuwepo zaidi kazini, foleni zilipungua, na vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilikuwa pungufu kwa theluthi moja ukilinganisha na kwingine.

Je, ni dawa ya kila kitu? Hapana. Jaribio kama hilo liliporudiwa miaka kumi hivi baadaye katika vituo zaidi ya 350, huduma iliboreka kidogo tu na vifo vya watoto havikupungua. Somo ni hili: mikutano husaidia pale ambapo tatizo ni mazoea na kutojuana. Pale ambapo hakuna dawa wala mtu wa kuajiriwa, mkutano pekee hautoshi.

7. KISA CHA KUJADILI

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya somo. Hakihusu kituo chochote.

Mama mjamzito amefika usiku akiwa na uchungu. Mkunga ni mmoja tu.

"Mama, glavu zimekwisha. Toa elfu kumi tumtume mtu akanunue."

"Sista, mimi sina hata mia. Hapa si bure?"

"Ni bure, mama. Lakini na mimi mwezi wa tatu huu sijalipwa. Nifanyeje?"

Mama mkwe anafungua fundo la kitenge na kutoa elfu tano za chakula cha juma zima. Asubuhi mtoto amezaliwa salama. Mama mkwe anakwenda kwa mwenyekiti wa RWC na kusema, "Yule mkunga ni mwizi."

Tulichambue.

Je, mama alitakiwa kulipa? Hapana. Tangu Machi 2001 huduma katika vituo vya serikali ni bure, isipokuwa katika wodi za binafsi za hospitali. Mkimbizi hutibiwa kama raia. Hati ya Haki za Wagonjwa ya mwaka 2009 inampa mgonjwa haki ya kujua huduma anayopewa na haki ya kulalamika. Dawa za serikali zimepigwa chapa kuonyesha kwamba haziuzwi.

Je, mkunga alikuwa na shida ya kweli? Ndiyo. Miezi mitatu bila mshahara ni dhuluma. Lakini deni lake liko kwa mwajiri. Mama mwenye uchungu hakulitengeneza na hawezi kulilipa.

Je, glavu zilikuwa zimekwisha kweli? Hili ndilo swali ambalo wengi hulisahau. Bohari Kuu ya Dawa hupeleka vifaa vituoni kwa mzunguko wa takribani miezi miwili. Daftari la stoo litaonyesha zilifika ngapi na zilitumika lini. Kama zilikwisha kweli, kosa ni la makisio au la ugavi. Kama zilikuwepo, hilo ni kosa jingine.

Kwa hiyo lalamiko moja ni mambo matatu, na kila jambo lina njia yake:
- Pesa iliyotozwa: kwa mkuu wa kituo, kisha kamati ya kituo au RWC, kisha ofisi ya OPM katika makazi na Ofisa wa Afya wa Wilaya. Likishindikana huko, kuna Mkaguzi Mkuu wa Maadili ya Serikali, IGG, na kile kitengo cha Ikulu cha kufuatilia huduma za afya kilichoanzishwa mwaka 2009.
- Mshahara wa mkunga: barua yake mwenyewe kwa CAO kupitia mkuu wa kituo, nakala kwa chama chake cha wafanyakazi. Kamati inaweza kuandika barua ya kumuunga mkono.
- Glavu: kamati iombe kuona daftari la stoo katika kikao.

Ukilalamika, andika tarehe, saa, zamu, kiasi na kilichosemwa. Usiandike "ni mwizi". Andika ulichoona. Na usimpige wala kumtukana mfanyakazi. Kituo kinachogeuka uwanja wa fujo hakipati mkunga wa pili, na huyo wa kwanza naye ataomba uhamisho.

8. KWA WEWE UNAYEFANYA KAZI KATIKA SHIRIKA

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inatambua haki ya mkimbizi kufanya kazi. Ukiajiriwa, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inakuhusu:
- Upewe maelezo ya kazi yako kwa maandishi ndani ya majuma 12.
- Upewe karatasi ya mshahara inayoonyesha makato yote.
- Likizo yenye malipo ni siku 7 kwa kila miezi minne ya kazi.
- Likizo ya uzazi kwa mama ni siku 60 za kazi, na kwa baba ni siku 4 za kazi.
- Mwajiri huweka NSSF asilimia 10 ya mshahara na wewe hukatwa asilimia 5. Tangu marekebisho ya mwaka 2022 sheria hii haiangalii tena idadi ya wafanyakazi.

Kama unapewa posho tu, soma karatasi uliyotia sahihi. Uliza kabla ya kutia sahihi: ni kazi au ni kujitolea? Saa ngapi kwa siku? Nikiumia kazini, nani ananitibu? Mgogoro wa ajira hupelekwa kwa Ofisa Kazi wa wilaya.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Uliza kwanza: mtu huyu analipwa na nani?
2. Mshahara wa serikali hulipwa kupitia benki, na anayewajibika yuko wilayani, au KCCA kwa walioko Kampala.
3. Huduma ni bure. Mshahara kuchelewa si ruhusa ya kumtoza mgonjwa.
4. Mfanyakazi asiyelipwa ana haki ya kudai, na wakaazi wana sababu ya kumsaidia kudai.
5. Lalamiko liandikwe, lipelekwe kwa ngazi, lifuatiliwe.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Je, mnawafahamu wajumbe wa kamati ya kituo chenu? Kuna mkimbizi kati yao? Walikutana lini mara ya mwisho?
2. Orodha ya zamu imebandikwa ukutani? Kama haijabandikwa, nani ataenda kuiomba?
3. Kama mngekuwa wanakamati katika kisa cha mkunga, mngeanza na jambo lipi kati ya matatu?

Ukimaliza kusoma, msomee jirani asiyejua kusoma, kisha ubandike karatasi hii mahali pa foleni. Pale kwenye foleni ndipo maneno yalipoanzia.